Mke Anayemfuata Mume Maskati: Ya Kutengenezwa Kabla ya Kuondoka Unguja

Hapa Unguja, mtu akisema anahamia Maskati, mji mkuu wa Omani, haulizwi maswali mengi. Majahazi yamekwenda na kurudi kwa kaskazi na kusi kwa karne nyingi, Seyyid Said, sultani wa Omani, alihamishia makao yake hapa katika karne ya 19, na baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, na zaidi baada ya 1970 Sultan Qaboos aliposhika madaraka na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi, familia nyingi za visiwani zilikwenda kuanza maisha huko. Ndiyo maana ni tabu kuupata mtaa, uwe wa Ng'ambo au wa Wete, usio na mtu mwenye shangazi Seeb au mjomba Ruwi. Mume akipata mkataba wa kazi huko, iwe ya uhasibu, uuguzi au uhandisi, mazungumzo ya nyumbani huwa ya mshahara, nyumba na tarehe ya ndege, na mke akionesha wasiwasi huambiwa, "Unakwenda kwa watu wako, mwanangu, unaogopa nini?"

Maneno hayo niliambiwa na mama yangu mkubwa, naye aliyasema kwa mapenzi. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa sekondari, mume wangu alikuwa amepata kazi katika kampuni ya ujenzi, na tulikuwa na watoto watatu, wa mwisho akiwa bado hajaanza skuli ya maandalizi. Tuliishi huko miaka kadhaa na sasa tumerejea. Wanawake wanaojiandaa kuwafuata waume zao huja kuniuliza habari za joto, bei ya nyama, na kama nazi inapatikana. Nazi inapatikana, muhogo na ndizi mbichi pia, na mishkaki huchomwa kandokando ya barabara jioni. Ninalotaka kuwaeleza mimi ni jingine, nalo ni kwamba katika familia inayohama kwa ajili ya kazi, mume huingia katika nafasi iliyokwisha kuandaliwa, watoto huingia skuli, na mke ndiye pekee anayefika bila ya nafasi yoyote iliyoandikwa kwa jina lake. Nafasi hiyo isipotengenezwa hapa nyumbani kabla ya safari, kule hakuna ofisi itakayomtengenezea.

Nianze na kibali. Mke na watoto huingia Omani kwa viza ya kujiunga na familia, na kadi zao za ukaazi, zinazotolewa na Polisi ya Kifalme ya Omani, zimefungamana na kadi ya mfanyakazi. Mkataba wa mume ukimalizika, akiachishwa kazi, au Mwenyezi Mungu akimchukua, ukaazi wa mke na watoto nao hufika ukingoni, pamoja na nyumba ikiwa imelipiwa na mwajiri. Viza hiyo haimruhusu mke kufanya kazi; akipata mwajiri, itabidi mwajiri huyo amwombee viza ya kazi. Mtoto anayezaliwa huko hapati uraia wa Omani kwa sababu ya kuzaliwa tu, na ni juu ya wazazi kumshughulikia katika ubalozi wa Tanzania ulioko Maskati ili apate pasipoti ya kwao. Siyasemi haya ili kumtisha mtu, kwani nchi nyingine za Ghuba zina utaratibu unaofanana na huo. Nayasema kwa sababu nimewaona wanawake wasomi wakiyajua baada ya kuwa wameshaacha kazi na kuuza vyombo vyao. Jirani yangu mmoja, mtu wa Pemba, mume wake alisitishiwa mkataba katikati ya mwaka wa masomo; watoto walitolewa skuli kabla ya mitihani, na yeye mwenyewe hakuwa na akiba wala kazi ya kuirudia. Aliniambia huku akifunga mabegi, "Dada, mimi hapa sikuwa na hata karatasi moja iliyosema mimi ni nani, ila kwamba ni mke wa fulani."

Karatasi ndizo zitakazokula muda mwingi zaidi, na zote zinatengenezwa huku. Cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vinavyotolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, vinahitaji kuthibitishwa na Wizara ya Mambo ya Nje, kisha na ubalozi mdogo wa Omani uliopo hapa Zanzibar, na cheti kilichoandikwa kwa Kiswahili kitahitaji tafsiri iliyothibitishwa. Kila mtoto awe na pasipoti yake, ya kielektroniki, ya aina iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2018. Kabla ya kuvipeleka popote, viwekwe vyeti vyote juu ya meza moja, kimoja kando ya kingine, na vilinganishwe herufi kwa herufi. Cheti cha mwanangu wa pili kiliandikwa jina la babu yake Abdalla, wakati pasipoti ya baba yake imeandikwa Abdallah. Kwetu sisi huyo ni mtu mmoja na hakuna anayebishana, lakini karani wa dirishani alilizungushia duara la wino mwekundu, akanirudishia, na herufi ile moja ilituchelewesha kiasi kwamba baba yao alitangulia peke yake na sisi tukabaki kusubiri. Majina yetu ya Kiarabu yameandikwa kwa namna nyingi katika ofisi zetu, mara Khamis mara Hamisi, mara Mwanakhamis kwa neno moja mara kwa mawili, na tabu hii itampata karibu kila mtu wa visiwani.

Pamoja na vyeti hivyo, mke achukue pia vyake: shahada, matokeo ya masomo, barua za kazi, na leseni ya taaluma kama yeye ni muuguzi au mhandisi. Navyo vithibitishwe safari ileile. Wengi hawavithibitishi kwa kuwa hawatarajii kufanya kazi, na nafasi inapotokea, cheti kipo sandukuni Magomeni na hakuna wa kukipeleka wizarani.

Kuhusu kazi yenyewe, kama mke ni mtumishi wa Serikali, asiandike barua ya kuacha kazi kabla hajaomba likizo bila ya malipo na kupata jibu kwa maandishi. Mimi niliambiwa na watu wawili wa ofisini kwamba haina haja, kwamba nikirudi nafasi haitakosekana, na nilikataa kuondoka mpaka nipate barua yenye muhuri. Barua hiyo ndiyo iliyonirejesha darasani. Mshahara unaposimama, michango ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar nayo husimama, na ni vizuri mtu aende mwenyewe ofisini kwao akaulize hesabu yake imefikia wapi, na aulize pia habari za utaratibu wa uchangiaji wa hiari walionao. Katika nyumba yetu tulikubaliana kwamba katika mshahara wa mume kutakuwa na fungu linaloingia kila mwezi katika akaunti yangu hapa Zanzibar, kwa jina langu, mbali na matumizi ya nyumba. Nafahamu kuwa kuna wanawake wanaoona haya kulisema jambo hili, wakidhani watahesabiwa wanataka malipo kwa kulea watoto wao wenyewe. Dini yetu imeshalimaliza suala hili: matunzo ni wajibu wa mume, na mali ya mke ni yake. Mke aliyeacha mshahara ili mume apate mshahara mkubwa zaidi ametoa mchango unaohesabika kwa fedha, na kuuhesabu hakupunguzi mapenzi.

Mkataba wa mume usomwe na wote wawili, na mke ausome akiuliza maswali ya nyumba. Bima ya afya ni ya mfanyakazi peke yake au ni ya familia? Tiketi ya likizo ya kila mwaka ni moja au ni tano? Ada ya skuli ina posho yake, na posho hiyo ni ya watoto wangapi? Riali moja ni baisa 1000, na watu wa nyumbani wakisikia mshahara huuzidisha kwa shilingi papo hapo na kuona utajiri, ilhali kodi ya nyumba na ada pia vinalipwa kwa riali. Sisi ada ya watoto wawili wakubwa ndiyo iliyokuwa gharama yetu ya pili baada ya nyumba, kwa sababu skuli za serikali kule zinasomesha kwa Kiarabu, na mtoto aliyetoka kwetu na Kiarabu cha chuo cha Kurani tu hawezi kuingia darasa la tano la huko. Kwa hiyo familia nyingi hutegemea skuli binafsi au skuli za jumuiya, za Wahindi au Wapakistani.

Hapa kwenye skuli ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa kuwa watoto hawaulizwi wanapohamishwa. Mwaka wetu wa masomo unaanza Januari. Skuli za Kihindi kule zinaanza Aprili, na nyingi za nyingine zinaanza mwishoni mwa Agosti au Septemba. Mtoto akihamishwa Juni, anaacha darasa nusu huku na kukuta kule watu wanajiandaa kwa likizo ya kiangazi, katika joto linalopita nyuzi 40, kwa hivyo hukaa ndani ya nyumba yenye kiyoyozi bila ya skuli, bila ya marafiki na bila ya uwanja, akiwa ametoka mahali ambapo alasiri ilikuwa yake. Kama mkataba unaruhusu, mume atangulie, na familia ifuate wiki chache kabla ya muhula kuanza. Skuli itataka barua ya uhamisho, ripoti za darasani na kadi ya chanjo. Kadi ya kliniki ya kwetu inaonesha chanjo ya surua na rubela katika miezi 9 na miezi 18. Kule chanjo yao ina matumbwitumbwi pia, na daktari aliwaongezea wanangu bila ya tabu yoyote kwa kuwa kadi zilikuwepo. Aliyeipoteza kadi aitafute kliniki kabla ya kusafiri.

Lugha ndiyo iliyonisumbua roho. Wakati huo skuli zetu za Serikali zilisomesha kwa Kiswahili madarasa ya mwanzo, na hesabu na sayansi ziliingia Kiingereza kuanzia darasa la tano. Binti yangu mkubwa alikuwa amemaliza darasa la nne, na katika hesabu alikuwa miongoni mwa wa mbele. Wiki za mwanzo alirudi na daftari lenye alama za makosa ukurasa mzima, na chini yake mwalimu ameandika kwamba mtoto huyu hajui kugawa. Nilimimina choroko mezani, punje nyingi, nikamwambia, "Mwanangu, hizi wagawie watu sita, kila mmoja apate sawa, na zinazobaki niambie." Alizigawa haraka kuliko mimi. Kisha nikamwekea swali lilelile kama lilivyoandikwa kitabuni, habari ya mkulima na maboksi yake ya matofaa, akalitazama mpaka machozi yakamlengalenga. Hesabu alikuwa nayo. Mkulima ndiye aliyekuwa hamwelewi. Nilikwenda skuli siku iliyofuata, nikaomba kwa heshima kwamba kwa muhula mmoja apewe mtu wa kumsomea swali, na mwalimu yule, mama wa Kihindi mwenye huruma, alikubali. Jioni tulikuwa tunasoma maswali tu, bila ya kuyafanya, mimi na yeye jikoni. Kazi hiyo ya kila jioni, na kuhudhuria vikao vya wazazi, na kumpeleka mdogo kliniki, ndiyo kazi ya mke aliyefuata, na haikutajwa mahali popote katika mkataba ingawa bila ya hiyo mume wangu asingeweza kukaa kazini kwa utulivu.

Chuo hakikuwa tatizo, kwa kuwa mafunzo ya Kurani yapo katika misikiti mingi na matamshi ya watoto yalinyooka sana. Kilichohitaji maelezo ni sala. Waomani wengi ni Waibadhi, ambao husali mikono ikiwa imeachiwa chini, hawaitikii amin baada ya Fatiha, wala hawasomi dua ya kunuti katika sala ya alfajiri, na mwanangu wa kiume, aliyelelewa Kishafii, madhehebu ya wengi hapa kwetu, alirudi msikitini siku ya kwanza akiuliza ni nani anayekosea. Baba yake alimkalisha akamweleza kwamba Zanzibar pia tuna misikiti ya Kiibadhi na watu wamesali bega kwa bega miaka yote. Ni vizuri mazungumzo hayo yafanyike kabla mtoto hajayafanya na watoto wenzake uwanjani.

Upweke wa mke kule una sura yake. Hapa kwetu mlango unabaki wazi, mtoto anakula kwa jirani, bibi yupo hatua chache, na mwanamke akiumwa kichwa kuna mtu wa kumshikia mtoto bila ya kuombwa. Kule nilikaa ghorofa ya tatu na sikujua jina la mtu wa mlango wa mbele kwa muda mrefu. Mume wangu aliondoka alfajiri na kurudi jioni, amechoka, na amezungumza na watu siku nzima. Mwisho wa wiki wao ni Ijumaa na Jumamosi, wetu ni Jumamosi na Jumapili, kwa hivyo siku ya kuzungumza na nyumbani kwa raha ilikuwa moja tu, na hata saa hazilingani, kwani Maskati iko mbele yetu kwa saa moja. Sikukuu ndiyo iliyokuwa ngumu zaidi kwa watoto, waliozoea siku nne za kuvaa nguo mpya na kwenda kiwanjani jioni kununua vikorokoro kwa pesa za mkono wa Idi.

Aliyenitoa ndani alikuwa bibi mmoja wa huko, mzaliwa wa Malindi yetu hapa, aliyeondoka msichana. Alinisikia dukani nikimkanya mwanangu, akanigeukia. "Wewe mtoto wa wapi?" Nikamjibu, "Shikamoo bibi, natoka Unguja, Mwembetanga." Alinishika mkono hakuniachia mpaka nimemtajia majirani wote niliowajua, walio hai na waliotangulia mbele ya haki. Kuanzia siku hiyo alinipeleka kwenye mikusanyiko ya wanawake wanaosema Kiswahili, ambako kuna mandazi, maulidi na habari za kila jambo: daktari gani anasikiliza, skuli gani ina nafasi, wapi mtu anaweza kusoma Kiarabu bila ya gharama kubwa. Mke anayefika kule asisubiri kukutana na bahati kama yangu. Aondoke na namba za simu za jamaa, hata wa mbali, awapigie wiki ya kwanza, na asione kuwa anawasumbua. Na kwa kuwa hana ruhusa ya kufanya kazi, asome. Mimi nilijifunza Kiarabu cha kuandika na leo nakitumia darasani.

Kurejea nako kunaanza kutengenezwa siku ya kuondoka. Mtoto anayekwenda na umri wa miaka 6 na kurudi na 12 atazungumza Kiswahili cha nyumbani vizuri, lakini kukisoma na kukiandika ni habari nyingine, na kidato cha nne atakutana nacho katika mtihani wa Baraza la Mitihani la Tanzania. Tuliondoka na vitabu vya Kiswahili vya darasa la tatu mpaka la sita, na kila Jumamosi baada ya simu ya bibi yao, mama yangu, watoto walimwandikia barua ya ukurasa mmoja, ambayo mume wangu aliipiga picha na kuituma. Mama alikuwa anazisahihisha kweli, kwa sauti, na kuwauliza kwa nini wamesahau nukta. Vyeti vya nje vina utaratibu wa kulinganishwa na Baraza hilo, na nafasi ya kuingia skuli za Serikali hushughulikiwa na Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali; ripoti za kila mwaka zitunzwe zote, nazo zithibitishwe kule kabla ya kuondoka, kwa sababu kuzifuata ukiwa Unguja ni kazi ya miezi.

Wifi yangu anaondoka mwezi wa Agosti na watoto wawili. Jibu lake la likizo bila ya malipo limetoka, akaunti yake imefunguliwa, na mkataba wa kaka yetu tumeusoma pamoja mstari kwa mstari, tukakuta bima haiwahusu watoto na mwajiri akakubali kuwaongeza. Kilichobaki ni cheti cha mtoto mdogo, kilichoandikwa Salum kwa u wakati pasipoti ya baba ni Salim kwa i, na Jumatatu tunakwenda wote wawili kukirekebisha.